Shangazi, simbilisi wa mwanangu hatembei: tuwalishe nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani, Tanga mjini. Kaka yangu anafanya kazi Njombe. Alipokuja kutusalimia mwaka jana alimletea mwanangu wa kiume zawadi ya simbilisi watatu ndani ya boksi. Ni wale wanyama wadogo wanaofanana na sungura, ila hawana mkia na masikio yao ni mafupi. Kaka anasema huko watu huwafuga kwa ajili ya kitoweo, lakini hapa nyumbani hakuna anayethubutu kulitamka hilo mbele ya mtoto. Mweupe kampa jina la Bafta, wa kahawia ni Karafuu, na mwenye madoa ni Kidoti. Wote ni majike.

Maelekezo niliyoachiwa ni mafupi: majani na pumba. Majani tulikuwa tunakata uani, lakini jua la miezi hii limekausha kila kitu, kwa hiyo siku hizi wanakula pumba za mahindi asubuhi na jioni, nazichanganya na maji kidogo. Wali ukibaki nawapa. Mwanangu anawakatia tango kila siku akitoka shule, maana wanalipenda mno. Wakisikia tu kisu kinagonga kibao wanaanza kupiga kelele za kuomba.

Sasa Kidoti anaumwa. Manyoya yamesimama na hayang'ai tena, amekonda, na tangu juzi anatembea kwa kuburuta miguu ya nyuma. Ukimgusa magotini analia. Mate yanamtoka. Jana pumba hakuzigusa kabisa, alitafuna kipande cha tango akakiacha. Bafta na Karafuu wanakula, lakini Karafuu naye naona manyoya yanapukutika.

Kila mtu ana lake la kusema. Jirani ameniletea vidonge vya amoksilini vilivyobaki mwanawe alipokuwa anaumwa, anasema nimpe robo. Mama mkwe anasema niwatafutie kisamvu kibichi na maganda ya muhogo, kwa kuwa mbuzi wake wa Pongwe wanakula na hawana shida. Muuza matunda wa soko la Mgandini ameniambia machungwa ya Muheza ndiyo dawa. Baba watoto anasema niwawekee kila kitu, mnyama anajua mwenyewe kinachomdhuru. Na mwanangu amekuja na lake: amewaona wakila kinyesi chao, anaogopa kwamba ni njaa.

Shangazi, nisaidie. Nikienda sokoni ninunue nini na niache nini, kwa hela ya mama wa kawaida? Mtoto halali vizuri.

Mama wa Ngamiani, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana, wewe na mtoto.

Habari ya sokoni tutaifikia. Kwanza Kidoti apelekwe kwa daktari wa mifugo leo, usingoje kesho uone kama ataamka na nafuu. Utumbo wa simbilisi haukuumbwa kupumzika. Mnyama huyu anatafuna mchana na usiku, na akipitisha nusu siku bila kula hiyo tayari ni dharura. Ikitimia siku nzima, mara nyingi utumbo umeshaanza kusimama na gesi inajaa tumboni, na kutapika hawezi. Mtie kwenye boksi lenye kitambaa na majani mabichi kidogo, mpitishe kivulini, asipigwe na jua la mchana. Ukifika, mweleze daktari waziwazi: huyu ni simbilisi, kwa muda sasa amekula pumba na tango bila majani mabichi, miguu ya nyuma inamuuma na mate yanamtoka. Kama daktari amezoea ng'ombe na kuku zaidi, si vibaya ukamwomba aulizane na wenzake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama.

Vile vidonge vya amoksilini mrudishie jirani, tena umshukuru, maana nia yake ilikuwa njema. Kwa simbilisi vingekuwa sumu. Ndani ya tumbo lake, mwanzoni mwa utumbo mpana, kuna mfuko mkubwa unaofanya kazi kama mtungi wa togwa: majani yanakaa humo, vijidudu vizuri vinayachachua, na nguvu ya mnyama inatoka humo. Amoksilini ikimezwa inaua vile vizuri na kuviachia nafasi vile vibaya, ambavyo hutoa sumu ya kumuua simbilisi ndani ya siku chache. Penisilini na ampisilini ni hivyo hivyo, na klindamaisini pia. Zipo antibayotiki ambazo simbilisi anazivumilia, na daktari anazijua. Kwa hiyo hata huko kwa daktari, ukiandikiwa dawa, uliza bila kuona haya: "Hii inafaa kwa simbilisi?"

Mfuko huo huo unamjibu na mwanao. Chakula kikishachachuliwa mle, simbilisi anatoa vidonge laini, tofauti na vile vikavu vinavyotapakaa bandani, na anavichukua moja kwa moja kwa mdomo akavila tena ili apate vitamini na protini zilizotengenezwa na vijidudu. Sungura naye anafanya hivyo. Mwambie mtoto asiogope wala asiwazuie. Simbilisi anayezuiwa kuvila ndiye atakayedhoofika.

Sasa tuje kwenye kinachomsumbua Kidoti. Daktari ndiye mwenye neno la mwisho, kwa sababu mnyama anaweza kuburuta miguu kwa kuanguka, kwa ugonjwa wa mifupa, au kwa mambo mengine. Lakini hayo uliyoyaandika yote pamoja, manyoya kusimama, kukonda, magoti kuuma, mate kutoka, hamu ya kula kupotea, yananipeleka kwenye kiseyeye. Ndiyo, kiseyeye kile kile kilichokuwa kikiwaua mabaharia wa zamani waliokaa miezi baharini bila matunda wala mboga. Wanyama wengi, mbuzi wa mama mkwe wakiwemo, wanajitengenezea vitamini C ndani ya miili yao. Binadamu hawezi, na simbilisi hawezi. Lazima aipate kwenye chakula, tena kila siku, kwa kuwa mwili wake hauiwekei akiba ya maana. Akikosa kwa wiki mbili tatu hivi, dalili zinaanza kuonekana: viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, meno yanalegea, kidonda hakifungi.

Hili lilijulikana kwa simbilisi wenyewe. Mwaka 1907 madaktari wawili wa Norway, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha simbilisi nafaka na mkate peke yake, wakaona wanapata kiseyeye kama binadamu. Walipowapa vyakula vibichi kama kabichi na maji ya limau, ugonjwa ukazuilika. Mwanangu, hebu tazama bakuli la Kidoti: pumba za mahindi, wali uliobaki. Ni nafaka tupu. Na lile tango ambalo mtoto analikata kwa mapenzi yote, gramu 100 zake zina miligramu 3 hivi za vitamini C. Simbilisi mzima mwenye uzito wa kilo moja anahitaji kati ya miligramu 10 na 30 kwa siku, na mwenye mimba anahitaji ule upande wa juu. Tango ni maji matamu. Linaburudisha wakati wa joto, wala silikatazi, lakini halikuweza kumkinga.

Kinachoweza kumkinga kipo pale pale Mgandini, na si ghali. Pilipili hoho ya kijani, ile inayoshuka kutoka Lushoto, ina miligramu 80 hivi kwa kila gramu 100. Robo ya hoho ya wastani inamtosha simbilisi mmoja kwa siku nzima. Kwa watatu, robo tatu ya hoho moja. Toa mbegu na kikonyo, osha, kata vipande, mpe kila mmoja fungu lake ili mwenye nguvu asimnyang'anye mgonjwa. Hoho nyekundu ina vitamini zaidi lakini ni tamu zaidi na bei yake iko juu, kwa hiyo mimi ningebaki na ya kijani. Hii iwe desturi ya kila siku, hata siku ambayo majani ni mengi.

Pera nalo ni hazina: gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200. Ila lina sukari, na mbegu zake ni ngumu. Kata kipande cha nyama ya juu kisicho na mbegu, kisichozidi upana wa kidole gumba, mara mbili kwa wiki. Na muuza matunda wako hakukosea sana kuhusu machungwa ya Muheza. Chungwa lina miligramu 50 hivi kwa gramu 100, na kipande kimoja au viwili vilivyomenywa, bila kokwa, mara mbili kwa wiki, vinafaa. Kulifanya dawa ya kila siku ndiko nisikokubaliana nako, kwa sababu uchachu wake unaweza kuwatia vidonda mdomoni na sukari yake inavuruga ule uchachuaji wa tumboni. Papai, embe, tikiti, nanasi, ndizi, yote hayo yaingie kwenye kundi hilo hilo la matunda: kipande kidogo mara moja moja, bila mbegu. Ganda la ndani la tikiti maji, ile sehemu nyeupe na kijani, wanalipenda na sukari yake ni ndogo kuliko ya nyama nyekundu.

Watu watakushauri pia umimine vitamini C kwenye maji yao. Usifanye. Ikishayeyushwa inaharibika upesi kwa mwanga na joto, hasa kwenye chombo cha bati, na ladha yake inaweza kuwafanya wapunguze kunywa maji. Kama daktari atataka aongezewe, atakupa sindano au kidonge cha vitamini C peke yake, na kiasi cha tiba ni kikubwa kuliko cha kila siku, kwa hiyo akipime yeye. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini nyingi viache dukani, kwa kuwa vitamini A na D zikizidi humdhuru.

Hoho imenifanya niseme mengi, lakini ukinibana niseme jambo moja tu kuhusu lishe ya simbilisi, nitasema majani. Wawe nayo muda wote, yasikatike, usiku na mchana. Meno yake 20, ya mbele na magego, hayaachi kukua maisha yake yote, na kinachoyasaga ni kule kutafuna majani yenye nyuzi. Pumba na wali havitafunwi, vinamezwa. Simbilisi anayelishwa vyakula laini magego yake hurefuka, hukata ulimi au shavu, mate yakaanza kumtoka na kula kukamshinda. Mwombe daktari amchungulie Kidoti hadi magego ya nyuma, maana mate yanaweza kuwa yametoka huko.

Majani gani? Ukoka ni mzuri sana. Majani ya tembo ni mazuri yakikatwa machanga, kabla shina halijakomaa na kuwa mti. Majani ya mahindi, na yale maganda ya kijani yanayofunika hindi bichi pamoja na ndevu zake, yote ni salama, na wauza mahindi ya kuchoma wanayatupa kila jioni. Ukimwomba mmoja akuwekee mfuko, nina hakika hatakunyima, ila hakikisha ni mabichi na hayajaanza kuota ukungu. Majani ya mgomba wanakula pia. Tanga ni mji wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kwa hiyo hata kiangazi kikikaza wapo watu wanaokata au kununua malisho. Ulizia mfugaji aliye jirani nawe akuuzie mzigo mdogo, au ulizia hei, yaani majani yaliyokaushwa vizuri. Pale Buhuri kuna chuo cha mifugo, na watu wa huko wanayajua malisho ya ukanda wetu. Hei inafaa sana kwa meno na tumbo, lakini kumbuka kwamba katika kukauka imepoteza sehemu kubwa ya vitamini C, na ndiyo maana hoho haikwepeki.

Hapa pwani unyevu ndio adui wa majani. Yaliyokatwa yakarundikwa kwenye mfuko wa plastiki yanapata moto ndani ya saa chache, na simbilisi akila majani yaliyochemka hivyo tumbo linajaa gesi. Yatandaze kivulini. Hei ikinuka uvundo au ikitoa vumbi jeupe, tupa yote, usichambue. Na usikate kando ya barabara kubwa, wala mahali panapopita mbwa, wala kwenye shamba lililopigwa dawa ya wadudu. Mboga za sokoni zioshe kwa maji mengi kwa sababu hiyo hiyo.

Juu ya majani na hoho ndipo unaongeza mboga, kwa jumla kiasi cha kikombe kimoja cha chai kwa kila mnyama kwa siku. Tembele ni rafiki yako, ni rahisi na wanalipenda. Kotmiri nayo nzuri, na saladi yenye majani ya kijani iliyokolea. Ile saladi iliyofumba kama kabichi, nyeupe na yenye maji, haina faida na ikizidi inaharisha. Karoti, kipande mara mbili au tatu kwa wiki, kwani ina sukari kuliko watu wanavyodhani. Kabichi na chainizi kidogo tu, na si kila siku, kwa ajili ya gesi.

Mchicha nataka niuzungumzie peke yake, maana ndio mboga ya kwanza inayomjia mama wa Kitanzania akilini, na ndio wa bei nafuu. Si sumu. Shida yake ni kwamba una kalsiamu nyingi na oksaleti nyingi, yaani kemikali ya mimea inayoshikana na kalsiamu, na simbilisi ana namna yake: kalsiamu karibu yote anayokula inaingia mwilini, na inayozidi inatolewa kwa mkojo. Ikiwa nyingi siku baada ya siku, hujikusanya ikawa mchanga kwenye kibofu, halafu mawe. Utaona mkojo umekauka ukaacha unga mweupe unaokwaruza, au mnyama analia akikojoa, au kuna damu. Mara moja au mbili kwa wiki mchicha unatosha. Spinachi na sukuma wiki vivyo hivyo. Zungusha mboga: leo tembele, kesho kotmiri, keshokutwa mchicha kidogo.

Kwa mama mkwe naomba uende na maneno ya heshima, kwa sababu anachokisema kuhusu mbuzi wake amekiona kwa macho yake. Lakini mbuzi ni mnyama mkubwa, ana tumbo la kucheua, na hula huku na kule. Kisamvu kibichi na maganda ya muhogo yana kemikali ambayo, jani likisagika, hutoa sianidi. Yeye mwenyewe anajua kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa muda mrefu kabla hakijaungwa kwa nazi. Kule kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoitoa sumu. Simbilisi wa kilo moja akipewa kibichi, kiasi kidogo tu kinatosha kumuua. Hata mihogo yenyewe mibichi asipewe.

Na kwa baba watoto: hapana, mnyama huyu hajui. Watu wa milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, wamemfuga simbilisi kwa maelfu ya miaka, na kazi yake imekuwa kula anacholetewa. Mimea ya Tanga hakukua nayo porini akajifunza kuiogopa. Ukimwekea kila kitu, atakula kila kitu.

Kwa hiyo vifuatavyo visifike bandani hata kwa bahati mbaya. Vitunguu vya kila aina, vitunguu saumu vikiwemo, vinaharibu damu. Parachichi, tunda na jani lake. Viazi mviringo vibichi, hasa vyenye rangi ya kijani au vilivyochipua, na maganda yake. Majani na mashina ya nyanya na ya bilinganya, ingawa nyanya yenyewe iliyoiva, kipande kidogo bila kikonyo, haina neno. Mnavu uwe wa watu, mpikie mumeo. Maharage makavu au mabichi, karanga, mbegu za aina yoyote. Mkate, chapati, ugali, wali, biskuti, maziwa, nyama, dagaa, chokoleti. Machicha ya nazi, ambayo najua jikoni kwetu pwani hayakosi na kuku huyafurahia, yana mafuta mengi na huvunda upesi, simbilisi asipewe. Mimea ya mapambo uani nayo itazame: mnyaa wenye utomvu mweupe, kile kichaka cha maua ya rangi rangi kinachoitwa lantana, oleanda, mnanaha. Mtoto akitumwa kukata majani, nenda naye mara ya kwanza umwonyeshe cha kuacha.

Chakula cha kuku cha dukani ni marufuku pia. Kimepangwa kwa kuku, hakina vitamini C ya kumtosha simbilisi, na baadhi yake kina dawa zilizochanganywa humo. Chakula cha sungura kinakaribia, lakini kwa kuwa sungura anajitengenezea vitamini C, watengenezaji hawana sababu ya kuitia.

Maji yabadilishwe kila siku, kwenye bakuli zito la udongo lisilopinduka. Simbilisi wa kilo moja hunywa kama mililita 100 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Joto la Tanga la Januari hadi Machi ni zito kwao. Likipita nyuzi 27 hivi wanaanza kuteseka, kwa hiyo banda liwe mahali penye upepo na kivuli cha kutwa, mbali na bati.

Kuhusu Bafta na Karafuu, hoho waanze leo hii hii, na yule wa kupukutika manyoya mchukue pamoja na Kidoti akaonwe, nauli ni ile ile. Mpe mwanao kazi ya kuwapima uzito kila wiki kwa mzani wa jikoni, aandike kwenye daftari. Simbilisi ni hodari wa kuficha ugonjwa, na uzito unaoshuka hukuambia kabla macho hayajaona. Kama ni kiseyeye na kimewahiwa, wengi huchangamka ndani ya wiki moja ya matibabu, ingawa viungo huchukua muda zaidi.

Pumba usizikate ghafla kwa hawa wawili wanaokula, kwa sababu tumbo lao limeshazizoea na mabadiliko ya haraka huwaharisha. Majani wape mengi tangu leo. Pumba punguza robo kila baada ya siku mbili, zikiwa kavu badala ya kuzilowanisha, kwani zikilowa kwenye joto hili huchacha kabla ya jioni. Baada ya wiki hivi hazitahitajika tena. Mboga mpya anzisha moja moja, kipande kidogo, utazame kinyesi cha kesho yake. Kikilainika, simamisha mboga hiyo, baki na majani na hoho, na kama hakijakaza kufikia siku ya pili mrudishe kwa daktari. Gunia la pumba lililobaki mpe mwenye kuku.

Shangazi